Chumvi Iliyoyeyusha Gogo

Mwaka 2002 jarida la Chama cha Wanakemia wa Marekani lilichapa makala fupi ya kurasa mbili, na kichwa chake kikatoka na kosa. Neno la Kiingereza la selulosi lina herufi tisa; katikati zilidondoka mbili, zikabaki saba. Hadi leo atakayeitafuta makala hiyo ataikuta na kosa lake. Halikuipunguzia heshima, kwani imetajwa katika maelfu ya makala nyingine tangu hapo.

Watunzi wake walikuwa wanne, wote wa Chuo Kikuu cha Alabama: Richard Swatloski, Scott Spear, John Holbrey na Robin Rogers. Walichosema kinaelezeka kwa sentensi moja: selulosi, uzi unaoushikilia mti ukasimama, unaoifanya pamba ikawa pamba na karatasi ikawa karatasi, unayeyuka ndani ya chumvi.

Si maji ya chumvi hayo. Ni chumvi tupu, haina maji ndani yake, lakini imelainika na kumiminika kama mafuta mazito. Kiswahili hutumia neno moja, kuyeyuka, kwa barafu inayogeuka maji na kwa sukari inayopotea ndani ya chai. Katika habari hii yote mawili yanatokea: kwanza chumvi inayeyuka yenyewe, kisha inayeyusha mti.

Safari ya kuikutanisha chumvi hiyo na gogo ilichukua karibu karne mbili. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa miongo kadhaa ya muda huo jibu lilikuwa limeshaandikwa na kuwekwa kwenye rafu, likisubiri msomaji.

Fito, kamba na udongo

Anayeijua nyumba ya udongo anaujua ukuta wa mmea. Kwanza husimamishwa fito, zikafungwa kwa kamba, kisha ukakandikwa udongo mpaka mianya yote ikazibwa. Katika ukuta wa seli ya mmea, fito ni selulosi, kamba zinazozifunga ni hemiselulosi, na udongo uliokauka ukashika kila kitu ni lignini. Katika mti au nyasi kavu, selulosi peke yake huwa kati ya theluthi moja na nusu ya uzito wote.

Fito hizo ni sukari. Kila uzi wa selulosi ni molekuli za glukosi, mamia hadi maelfu, zilizoshikana mkono kwa mkono. Ni glukosi ileile inayozunguka katika damu yetu, ileile ambayo hamira huigeuza pombe. Hata wanga wa ugali ni glukosi iliyounganishwa. Tofauti iko kwenye mpangilio. Minyororo ya wanga imejikunja na kuacha nafasi, hivyo maji na mate huipenya. Minyororo ya selulosi imenyooka, imelala sambamba na kubanana kama ukili wa mkeka uliosukwa na fundi hodari, na kila mmoja umeshikana na jirani yake kwa vifungo vya hidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu. Vikiwa maelfu, maji hayapati pa kuingilia. Ndiyo maana shati la pamba hufuliwa miaka nenda miaka rudi lisiyeyuke, na ndiyo maana mtu anaweza kufa njaa akiwa amesimama katikati ya shamba la mabua.

Aliyeonyesha mapema kwamba ndani ya fito mna sukari ni Henri Braconnot, mkuu wa bustani ya mimea mjini Nancy, Ufaransa. Mwaka 1819 alichukua matambara ya kitani, akayatia katika asidi kali ya salfuriki, akazimua kwa maji na kuchemsha. Alipata sukari, tena yenye uzito uliozidi ule wa matambara yenyewe. Mizani haikukosea. Kila kiungo cha mnyororo kinapokatwa, molekuli moja ya maji huingia pale na kubaki. Mwaka 1838 Mfaransa mwingine, Anselme Payen, aliutenga uzi huo kutoka mimea ya aina mbalimbali akaona ni kitu kimoja kila mahali, na jina selulosi likatokana na kazi yake.

Tangu hapo watu wakagawanyika katika tamaa mbili. Wako waliotaka kuikata selulosi wapate sukari, na wako waliotaka kuiyeyusha ikiwa nzima ili waisokote upya iwe kama hariri.

Wakata sukari walishikilia asidi. Wakati wa vita kuu zote mbili vilijengwa viwanda vya kugeuza mbao kuwa sukari na pombe, lakini asidi ilikuwa mfanyakazi mkorofi: ilikula mabomba, na ikiachwa kidogo tu iliiharibu sukari iliyoitoa yenyewe.

Wasokota nyuzi nao walipata njia, kila moja na kisirani chake. Mwaka 1857 Eduard Schweizer, Mswisi, aliyeyusha selulosi katika mchanganyiko wa shaba na amonia. Katika miaka ya 1880 Hilaire de Chardonnet aliibadilisha selulosi kwa asidi ya nitriki na kusokota hariri bandia, ambayo ilishika moto kwa urahisi wa kutisha. Mwaka 1892 Waingereza Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle wakabuni viskosi, ambayo mpaka leo inavaliwa duniani kote. Viskosi huhitaji disulfidi ya kaboni, na mvuke wake uliwaharibia mishipa ya fahamu wafanyakazi wengi wa viwandani.

Njia ya tatu ilitoka mahali pasipotarajiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Marekani katika visiwa vya Pasifiki yaliona mahema na mikanda ya pamba ikioza upesi kupita kiasi. Wataalamu wakakusanya kuvu zilizokuwa zikila vitu hivyo. Moja, iliyotolewa kwenye turubai la pamba katika Visiwa vya Solomon, ilitoa vimeng'enya vikali vya kukata selulosi. Elwyn Reese na Mary Mandels waliichunguza kwa miaka mingi katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, na mwaka 1977 ikapewa jina la Reese: Trichoderma reesei. Adui wa mahema akageuka kibarua wa viwanda.

Vimeng'enya hukata kwa upole, bila asidi kali wala moto mkubwa. Lakini sharti kwanza vifike kwenye fito, na udongo wa lignini huvizuia mlangoni. Lazima mtu atangulie kuubomoa ukuta. Kazi hiyo ya kutangulia ndiyo iliyokuwa ikila fedha na nishati, na ndiyo iliyokuwa ikiisubiri chumvi.

Rafu mbili

Paul Walden alizaliwa mwaka 1863 katika nchi ambayo leo ni Latvia na wakati ule ilikuwa chini ya dola ya Urusi. Alisoma na kufundisha Riga, na wanakemia wanamkumbuka hasa kwa ugunduzi mwingine wa mwaka 1896 uliobeba jina lake. Mwaka 1914, katika taarifa za Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya St. Petersburg, alichapisha utafiti juu ya chumvi zinazoyeyuka kwa joto dogo. Mojawapo ilikuwa nitrati ya ethilamonia. Chumvi ya mezani huyeyuka kwa nyuzi 801 za Selsiasi. Hii ya Walden iliyeyuka kwa nyuzi 12. Ungeiweka kwenye chupa Mombasa au Dar es Salaam isingeganda hata siku moja ya mwaka.

Siri yake iko kwenye umbo. Kila chumvi ni mkusanyiko wa ioni, yaani chembe zenye chaji chanya na chembe zenye chaji hasi zinazovutana. Katika chumvi ya mezani ioni zote ni ndogo na za mviringo, hivyo hupangana vizuri kama machungwa kwenye kreti, na kuzitenganisha kunahitaji moto wa tanuri. Ukiondoa sodiamu ukaweka badala yake ioni kubwa yenye mkia upande mmoja, mpangilio unavurugika. Jaribu kupanga machungwa na mafagio katika kreti moja. Kwa kuwa haziwezi kujipanga vyema, ioni hizo hubaki zikiteleza, na chumvi hubaki kimiminika. Siku hizi chumvi yoyote inayoyeyuka chini ya nyuzi 100 huitwa kimiminika cha ioni.

Walden mwenyewe hakuwa akitafuta kiyeyushi. Alitaka kupima jinsi chumvi hizo zinavyopitisha umeme na ukubwa wa molekuli zake. Mwaka ule Ulaya iliingia vitani, na makala yake ikapita bila kelele.

Miaka 20 baadaye, rafu ya pili. Mwezi Januari 1934, Charles Graenacher wa Basel, Uswisi, alipewa hataza ya Marekani kwa ajili ya kampuni ya kemia ya mji wake. Alikuwa ameona kwamba chumvi fulani za kloridi zenye naitrojeni, jamaa ya piridini, zikiyeyushwa na kuongezewa kimiminika kingine cha jamaa hiyo, zinaiyeyusha selulosi ikawa uji mzito. Hakuna shaba, hakuna disulfidi. Hiyo ndiyo habari yenyewe iliyokuja kuwashangaza watu mwaka 2002.

Hakuna aliyejenga kiwanda. Mojawapo ya chumvi za Graenacher iliyeyuka kwa takriban nyuzi 118, ilikuwa kitu kigeni kwa watu wa viwandani, na viskosi ilikuwa tayari ikiuzwa kwa bei poa. Walden alikuwa na chumvi ya baridi isiyo na kazi. Graenacher alikuwa na kazi, lakini chumvi yake ilitaka moto. Hakutokea mtu wa kupita katika maktaba na kuchukua karatasi zote mbili kwa mkono mmoja.

Betri za jeshi

Waliozipa chumvi hizi uhai hawakuwa na haja na miti. Katika Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, Colorado, kuanzia miaka ya 1960, watafiti wakiongozwa na Lowell King walikuwa wakihangaika na betri za joto, zile zinazotumika ndani ya makombora. Betri hizo hutumia mchanganyiko wa kloridi ya lithiamu na kloridi ya potasiamu, ambao huyeyuka karibu na nyuzi 355, na joto hilo huhatarisha vifaa vilivyo jirani. King na wenzake walitaka chumvi ya kufanya kazi ileile ikiwa baridi.

Walianza na chumvi za alumini. Mwaka 1982 John Wilkes na wenzake wa chuo hicho walitangaza jamii mpya iliyojengwa juu ya ioni iitwayo imidazoliamu, ambayo ni pete ya kaboni na naitrojeni yenye mikia miwili, ikichanganywa na kloridi ya alumini. Ilikuwa kimiminika katika joto la kawaida la chumbani. Kasoro yake ilikuwa unyevu. Hewa tu ya kawaida ilitosha kuiharibu, kwa sababu kloridi ya alumini ikikutana na maji hutoa asidi. Ilibidi mtu afanye kazi akiwa ameingiza mikono kwenye glavu za sanduku lililofungwa, lisiloingia hewa.

Mwaka 1992 Wilkes na Michael Zaworotko, profesa aliyekuja kutoka Kanada kama mgeni wa maabara, waliiondoa alumini na kuweka ioni nyingine, kama nitrati na asetati. Chumvi mpya zilistahimili hewa na maji. Sasa mwanakemia yeyote mwenye chupa na jiko angeweza kuzitumia.

Sifa moja iliwavutia wengi kuliko zote: kimiminika cha ioni karibu hakitoi mvuke. Petroli, asetoni na viyeyushi vingi vya viwandani huruka hewani, huwasha macho na hushika moto. Chumvi iliyoyeyuka hutulia chomboni. Aprili 2000 wataalamu walikutana Heraklion, kisiwani Krete, katika warsha iliyofadhiliwa na NATO. Robin Rogers wa Alabama na Kenneth Seddon wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walikuwa mbele katika kuiandaa. Hoja iliyotawala ilikuwa kwamba viyeyushi hivi vinaweza kuisafisha kemia ya viwandani. Kilichokosekana ni kazi kubwa ya kuvipa.

Sekunde chache jikoni

Rogers na wenzake waliirudia selulosi wakiwa na chumvi za kizazi cha Wilkes. Waliyoichagua ilikuwa kloridi ya imidazoliamu yenye mkia wa kaboni nne, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 70. Wakatia humo massa ya selulosi ya viwandani, hata karatasi za kuchujia za maabara. Kwa joto la nyuzi 100 iliyeyuka selulosi ya kufikia asilimia 10 ya uzito. Kisha wakatumia mikrowevu, kifaa kilekile cha kupashia kiporo: wakiiwasha kwa sekunde chache, wakitoa na kukoroga, kisha wakirudisha. Kwa njia hiyo walifika asilimia 25. Mchanganyiko ulitoka mwangavu na mnato, na karatasi haikuonekana tena.

Kwa nini chumvi ishinde pale maji yaliposhindwa? Angalia kloridi. Katika maji ya bahari kila kloridi imezungukwa na molekuli za maji kama bibi harusi na wapambe wake. Hakuna anayeweza kumkaribia. Katika kimiminika cha ioni hakuna wapambe. Kloridi iko wazi na ina njaa ya hidrojeni, na minyororo ya selulosi imejaa hidrojeni zilizoshikana na majirani. Kloridi huzidaka moja baada ya nyingine. Mwaka 2006 timu ya Rogers, kwa kipimo cha mwangwi wa sumaku, ilionyesha kwamba uwiano unakaribia kloridi moja kwa kila mkono wa hidroksili, yaani jozi ya oksijeni na hidrojeni iliyo kwenye mnyororo. Minyororo huachana, ukili unafumuka, na uzi usioyeyuka unayeyuka.

Hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Maji yakizidi asilimia 1 hivi, kloridi hupata wapambe na kazi hulala. Watafiti wakaugeuza udhaifu huo kuwa chombo: walipomimina maji kwa makusudi, selulosi ilijitenga papo hapo na kurudi kuwa kitu kigumu. Ukiimimina kwa sindano unapata uzi, ukiitandaza unapata utando. Lakini hairudi kama ilivyokuwa. Minyororo hurudiana kwa haraka, ovyo ovyo, bila ule mpangilio wa ukili. Vimeng'enya, ambavyo mpangilio ndio uliokuwa ukivitesa, vinafurahia vurugu hiyo.

Makala ya 2002 ilimtaja Graenacher. Hataza yake ilikuwa imekaa miaka 68. Mwaka 2005 Rogers alipewa tuzo ya rais wa Marekani ya kemia isiyochafua mazingira.

Kutoka pamba hadi gogo

Karatasi ya kuchujia ni fito zilizokwisha kusafishwa. Gogo lina udongo wake wote. Swali likawa: je, chumvi italiweza gogo lenyewe?

Hatua zilifuatana upesi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio, waliyeyusha selulosi katika chumvi, wakairudisha kwa maji, kisha wakaipa vimeng'enya. Kasi ya mwanzo ya kukata sukari ilipanda karibu mara 50. Mwaka 2007 kundi lililowahusisha Ilkka Kilpeläinen wa Helsinki na Dimitris Argyropoulos wa North Carolina lilionyesha kwamba hata mbao inayeyuka, mradi imekaushwa na kusagwa. Kadiri unga unavyokuwa laini, ndivyo inavyoyeyuka haraka.

Siasa nayo ilikuwa ikisukuma. Januari 2006 Rais George W. Bush wa Marekani, katika hotuba yake kwa Bunge, alitaja kutengeneza ethanoli kwa vipande vya mbao, mabua na nyasi. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria iliyoweka lengo la galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi kwa mwaka ifikapo 2022. Mwaka huohuo Wizara ya Nishati ilianzisha taasisi za utafiti, mojawapo ikiwa Joint BioEnergy Institute huko Emeryville, California.

Seema Singh na Blake Simmons wa taasisi hiyo, pamoja na Kenneth Vogel, walifanya mwaka 2009 jambo ambalo kila mtu aliyewahi kusoma habari hizi angetamani kuliona. Walichukua kipande chembamba cha bua la nyasi ya switchgrass, wakakiweka chini ya hadubini na kukitia chumvi nyingine, asetati ya imidazoliamu, ambayo ni kimiminika hata bila kupashwa moto. Hawakuhitaji rangi ya kuonyeshea, kwa sababu ukuta wa mmea hung'aa wenyewe ukimulikwa kwa mwanga ufaao. Wakapasha joto hadi nyuzi 120 na kutazama. Kwanza kuta zilivimba, zikawa nene, vifungo vikilegea ndani kwa ndani. Kisha mistari iliyotenga seli na seli ikafifia, na hatimaye ukuta wote ukayeyuka. Walipoongeza maji, selulosi ilirudi, na sehemu kubwa ya lignini ikabaki nyuma ndani ya kimiminika. Nyumba imebomolewa, fito ziko upande huu, udongo upande ule. Vimeng'enya vilipoletwa vilitoa sukari nyingi kwa muda mfupi.

Wasokota nyuzi pia walikuwa kazini. Finland, Herbert Sixta wa Chuo Kikuu cha Aalto pamoja na kundi la Kilpeläinen walitengeneza uzi uitwao Ioncell kwa kuyeyusha massa ya mti katika kimiminika cha ioni. Tarehe 6 Desemba 2018, kwenye dhifa ya Siku ya Uhuru wa Finland, mke wa rais, Jenni Haukio, alivaa gauni lililofumwa kwa uzi wa mti wa birch.

Hesabu ya dukani

Gauni moja la ikulu ni jambo moja; tangi la petroli ni jambo jingine. Chukua mfano wa hesabu ya dukani. Una kilo 1 ya majani makavu, na kuyashughulikia unatumia kilo 10 za chumvi. Tuseme kazi ikiisha unaikusanya chumvi ukapoteza asilimia 1 tu, yaani gramu 100. Kama kilo ya chumvi ni dola 20, umepoteza dola 2. Kilo ile ya majani, mambo yakienda vizuri, itakupa ethanoli isiyofika theluthi moja ya lita, na lita nzima ya ethanoli haiuzwi dola 2. Biashara imekufa kabla hujamlipa mlinzi. Kilo ya chumvi ikiwa dola 1, hasara ni senti 10, na hapo mazungumzo yanaweza kuanza.

Bei haikuwa tatizo pekee. Mabaki ya chumvi yaliviharibu vimeng'enya na kuiua hamira, hivyo selulosi ilitakiwa kusuuzwa kwa maji mengi. Maji hayo lazima yachemshwe yatoke ili chumvi itumike tena, na kuchemsha maji ni kununua moto. Ile sifa iliyosifiwa Krete, ya kutotoa mvuke, nayo ikawa mzigo: kitu kisichoruka hewani huwezi kukisafisha kwa kukikeneka kama pombe, na uchafu wa mimea hujilimbikiza humo mzunguko baada ya mzunguko.

Wakati huohuo viwanda vilivyotumia njia nyingine za kubomoa ukuta vilionja uchungu wa soko. DuPont ilizindua kiwanda kikubwa cha ethanoli ya mabua ya mahindi mjini Nevada, Iowa, mwaka 2015. Mwaka 2017 ikatangaza kuachana nacho. Mwaka 2022 ulifika, na lengo la galoni bilioni 16 lilikuwa mbali mno.

Watafiti waliobaki walibadili swali. Badala ya kuuliza ni chumvi gani yenye nguvu kuliko zote, waliuliza ni ipi inayoweza kutengenezwa kwa vitu vya bei ndogo. California, mwaka 2014, kundi la Emeryville lilitengeneza chumvi kutokana na vitu vinavyopatikana kwenye lignini na hemiselulosi yenyewe, kikiwemo vanilini, kile kitu kinachoipa vanila harufu yake. Mmea ukawa unatoa silaha ya kuubomoa. Kundi hilo lilitumia pia chumvi ya kolini na lisini. Wafugaji wanavijua vyote viwili, kwa kuwa huchanganywa kwenye chakula cha kuku.

London, Jason Hallett, Agnieszka Brandt-Talbot na wenzao wa Imperial College walipindua wazo lenyewe. Waliacha fito zibaki ngumu wakayeyusha udongo. Chumvi yao ilitengenezwa kwa kuchanganya trietilamini na asidi ya salfuriki, ile ile ya Braconnot, safari hii ikiwa imefungwa ndani ya chumvi. Zaidi, ilifanya kazi ikiwa na maji kwa asilimia 20, hivyo ile shuruti ya ukavu iliyoitesa Alabama ikaondoka. Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya majaribio ya miscanthus, nyasi ndefu iliyo jamaa ya muwa. Chumvi iliyeyusha sehemu kubwa ya lignini na kuiacha selulosi ichujwe kama machicha. Waliirejesha chumvi kwa asilimia 99, wakaitumia tena mara nne, na wakakadiria kwamba ingegharimu takriban dola 1 kwa kilo.

Katika kisa hiki chote, kemia haikuwa ndiyo iliyochelewesha mambo kwa muda mrefu zaidi. Chumvi ilikuwepo mwaka 1914 na kazi yake ikaandikwa mwaka 1934. Zilizokosekana ni njia ya karatasi moja kuifikia nyingine, na baadaye bei. Mwanafunzi wa kemia anayesoma haya asizidharau hataza za zamani. Humo mna majibu ambayo maswali yake hayajafika.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo hili limebanduliwa tangu mwaka 1819. Kilichobaki ni ile asilimia 1 ya chumvi inayopotea kila mzunguko, na hapo ndipo wahandisi walipo leo.